Ardhi ya serikali Marekani: moto na gari za michezo zinapita wapi, na nani anaamua?

Tarehe 10 Mei 2014, makumi ya watu walipanda moto za magurudumu mane wakaingia katika bonde la Recapture, karibu na mji mdogo wa Blanding, jimbo la Utah, magharibi ya Marekani. Tangu mwaka 2007 bonde hilo lilikuwa limefungwa kwa kila chombo cha injini. Aliyewaongoza ni Phil Lyman, mmoja wa viongozi waliochaguliwa na wakaaji wa wilaya ya San Juan. Hawakuwa na safari ya lazima. Walitaka kuonyesha kwamba, kwa maoni yao, Washington haina haki ya kufungia wenyeji njia.

Huku kwetu moto ni ya kutafuta unga: inabeba abiria, makala, mifuko ya maharagi, na hata wagonjwa. Kule, watu wengi wanainunua kwa kufurahi nayo siku ya mapumziko, kupanda vilima vya mchanga na kushuka mawe. Pengine mtu atasema ni michezo ya matajiri tu, lakini swali lililo nyuma yake wakaaji wa Kivu na Ituri wanalijua vizuri: serikali ikisema ardhi hii ni ya umma, nani anaruhusiwa kupita, na nani anachora mpaka?

Tuanze na ukubwa. Serikali kuu ya Marekani inashika karibu hektari milioni 259. Inchi yetu nzima, kutoka Banana mpaka Mahagi, ina karibu milioni 234. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko magharibi. Katika jimbo la Utah peke yake ni karibu theluthi mbili ya jimbo lote. Ofisi ya usimamizi wa ardhi, inayoitwa kwa kifupi BLM, inaangalia karibu hektari milioni 99, na idara ya misitu karibu milioni 78. Kiasi kikubwa cha ardhi hiyo si mbuga ya wanyama iliyofungwa. Raia anaweza kutembea, kulala katika hema, kuwinda akiwa na kibali, na wafugaji wanalisha ng'ombe kwa kulipa. Kwa hiyo mwenye moto naye anauliza: kwa nini mimi nisipite?

Zamani alipita alipotaka. Kisha vita ya pili ya dunia, jeep za jeshi ziliuzwa kwa raia, na baadaye moto zikawa nyingi katika jangwa. Magurudumu yalikata udongo, na katika jangwa alama ya gurudumu inaweza kubaki miaka makumi. Mwaka 1964 bunge lilitoa sheria ya pori lisiloguswa: fasi ikipewa jina hilo, unaingia kwa mguu ao kwa farasi, hata baiskeli inakatazwa. Mwaka 1972 Raisi Richard Nixon aliamuru kila ofisi inayosimamia ardhi ya serikali itaje wazi fasi ambapo gari za michezo zinaruhusiwa na fasi ambapo zinakatazwa, kwa kuangalia udongo, wanyama, na amani na watumiaji wengine. Raisi Jimmy Carter aliongeza mwaka 1977: uharibifu mkubwa ukionekana, ofisi ifunge mara moja.

Kwa BLM ardhi ikagawanywa kwa majina matatu: wazi, yenye mipaka, na iliyofungwa. Wazi maana yake unapita popote, hata nje ya njia. Yenye mipaka, unafuata njia zilizochaguliwa tu. Idara ya misitu nayo ilitoa kanuni yake mwaka 2005: kila msitu uwe na ramani ya njia za gari, na njia isiyokuwa katika ramani imefungwa, hata kama babu yako aliipitia.

Lakini jina la ardhi halimalizi ugomvi. Kwenye vilima vya mchanga vya Imperial, kusini ya California, upande wa kaskazini wa barabara namba 78 ulifanywa pori lisiloguswa mwaka 1994. Upande wa kusini ni moja ya viwanja vikubwa vya michezo hiyo, ila kuna vipande vilivyofungwa kwa sababu ya mmea mdogo wa jamii ya maharagi unaoota katika mchanga ule. Miaka na miaka waendesha moto na watetezi wa mazingira wamepelekana tribunali juu yake.

Bonde la Recapture lilikuwa na kitu kizito zaidi. Ndani yake kuna mabaki ya nyumba, gala za mahindi na makaburi ya mababu wa watu wa Pueblo, waliokaa pale mamia ya miaka mbele ya wazungu kufika. Mwaka 2005 watu wawili walichimba njia ya moto bila ruhusa, karibu kilometa 11, ikakata katikati ya mabaki hayo. Ndiyo sababu bonde lilifungwa. Wawili hao walikubali kosa mwaka 2011 na kuagizwa kulipa dola elfu 35.

Wenyeji wa Blanding wana neno lao pia, na si la kutupa. Wanasema njia ilikuwako zamani, watu walipitisha ng'ombe humo. Wanashika sheria ya mwaka 1866 iliyoruhusu barabara kupita katika ardhi ya serikali. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1976, lakini haki za barabara zilizokuwako zilibaki. Sasa namna gani utahakikisha kwamba njia ilitumika mbele ya 1976? Jimbo la Utah limeshtaki serikali kuu juu ya njia zaidi ya elfu 12, na wazee wanahojiwa chini ya kiapo mbele hawajakufa, waseme walipita wapi wakiwa vijana.

Lyman alihukumiwa mwaka 2015: siku kumi za gereza na karibu dola elfu 96 za fidia, yeye na mwenzake mmoja. Desemba 2020, Raisi Donald Trump alimsamehe.

Katika wilaya ileile ya San Juan, makabila matano, yakiwemo Navajo, Hopi na Zuni, yaliomba ulinzi wa eneo la Bears Ears. Raisi Barack Obama alilitangaza eneo la ukumbusho wa taifa Desemba 2016, karibu hektari elfu 547. Mwaka mmoja nyuma, Trump alikata karibu asilimia 85. Oktoba 2021 Joe Biden akarudisha. Gari hazikukatazwa kabisa humo. Zinapita njia zilizoandikwa. Lakini ardhi iliyokuwa ndani ya eneo la ulinzi ilijikuta nje yake, kisha ikarudishwa ndani.

Jambo hilo lina uhusiano na sisi. Mfalme Albert wa Ubelgiji alitembelea mbuga za taifa za Marekani mwaka 1919, na mwaka 1925 ikaundwa mbuga iliyochukua jina lake, ile tunayoiita leo Virunga. Wazo la kuchora mpaka lilivuka bahari. Desturi ya kuuliza watu kwanza haikuja nalo. Kule, tangu sheria ya mazingira ya mwaka 1970, mpango wa kufungua ao kufunga njia unatangazwa mbele, kila raia anaweza kutuma maoni, na asiporidhika anashtaki. Mwenye moto, mfugaji, mtu wa kabila, wote wanaandika. Haizuii watu kung'oa vibao usiku.

Vibao vyenyewe ni vidogo: kibao chembamba cha rangi ya kahawia, kimeandikwa namba ya njia na picha ya chombo kinachoruhusiwa. Ukiona moto imepigwa mstari mwekundu, unageuza.