Valvu Iliyozibwa

Hita yetu ya maji ilianza kuvuja mwezi wa Julai, na Julai ya Arusha si mwezi wa kuoga maji ya bomba. Niliweka ndoo chini yake. Siku ya tatu ndoo haikutosha, nikamwita fundi bomba.

Hakuanza na spana. Alizima swichi kuu, akafunga koki, akafuata unyevu kwa kidole mpaka kwenye bomba fupi la pembeni. Hapo akasita.

"Mzee, nani aliziba hapa?"

Jibu nililijua. Mwaka uliotangulia valvu ya usalama ilikuwa ikidondosha maji, nami nikamwagiza fundi mwingine aizibe kwa plagi. Nikamlipa, nikamshukuru.

Valvu ile ina ukoo mrefu. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanachama wa Royal Society, London, chungu cha chuma kilichofungwa barabara ili mvuke ulainishe mifupa. Chungu kisipasuke, akakipa tundu dogo lenye kizibo, na juu ya kizibo mkono uliobeba uzito. Mvuke ukizidi nguvu, huunyanyua uzito na kutoka. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye mimi niliamua kwamba tundu hilo ni kero.

Hita za nyumbani zilikuja baadaye sana. Mwaka 1868 Benjamin Waddy Maughan wa London alitengeneza ya gesi isiyo na dohani, moshi wote ukibaki bafuni. Mwaka 1889 Edwin Ruud, mzaliwa wa Norwei, akaunda Marekani tangi linalojipashia maji lenyewe. Tangi likishajipashia lenyewe, hakuna anayelitazama. Ndiyo maana linahitaji valvu. Maji yaliyofungiwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Tangi likipasuka, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Kilichotulinda mwaka mzima ni themostati peke yake, na watoto walikuwa wakioga humo kila jioni.

Fundi alifungua nati ya juu, akavuta fimbo ya magnesi. Ilikuwa imebaki waya. Kazi yake ni kuliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Humphry Davy aliishauri hivyo Jeshi la Majini la Uingereza mwaka 1824: pachikeni vipande vya chuma au zinki kwenye shaba ya merikebu, bahari ile hivyo. Shaba ikapona kweli, lakini haikutoa tena sumu ya kuwafukuza wadudu wa magamba, wakajazana na kuipunguzia merikebu mwendo. Ndani ya hita hakuna magamba. Kuna mwenye nyumba asiyekagua fimbo.

Chini tangi lilikuwa limetoboka. Nilimwomba alichomelee. Akakataa kwa adabu: tangi lililooza haliungwi, na yeye hataki kuja kuulizwa. Tulinunua jipya. Akafunga valvu mpya, akaivutia bomba hadi nje, akaning'ata sikio nisije nikaligusa.

Plagi ya zamani aliniachia mkononi. Mke wangu aliuliza ni kitu gani hicho. Nilichukua muda kumjibu.