Mwamba wa Kilungu, mchanga wa Kaiti: Jinsi mawimbi ya tetemeko yanavyosafiri

MWAMBA wa milima ya Kilungu na mchanga wa mto Kaiti, katika Kaunti ya Makueni, haviko mbalimbali, lakini tetemeko la ardhi huvipitia kwa namna mbili tofauti kabisa. Mara nyingi tofauti hiyo ndiyo huamua nyumba ipi itasimama na ipi itaanguka.

Mnamo Julai 17, 2007, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Jijini Nairobi watu walitoka mbio maghorofani. Kutoka huko hadi Kilungu ni takriban kilomita 150. Wimbi la kwanza, ambalo husukuma na kuvuta mwamba jinsi sauti inavyosukuma hewa, huenda karibu kilomita sita kwa sekunde katika miamba migumu, hivyo huchukua sekunde 25 hivi kufika. La pili, linalotikisa kando kwa kando, hufuata baada ya sekunde 20 hivi, na aghalabu ndilo lenye madhara zaidi.

Kasi hutegemea sana jinsi kitu kinavyokataa kubonyea na kupindwa. Miamba ya Kilungu iligandamizwa na kupikwa kwa joto chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na chembe zake zimeshikana barabara. Katika mchanga mkavu chembe hugusana kwa ncha tu, nalo wimbi la kwanza hushuka hadi mita mia chache kwa sekunde. Mchanga huo ukijaa maji, wimbi hilo hufikia karibu mita 1,500, kwani maji hayabonyei kwa urahisi. Wimbi la pili halipati faida hiyo, kwa sababu maji hayawezi kulipitisha. Ni kwa hoja hiyo wanasayansi walitambua kwamba sehemu ya nje ya kiini cha dunia ni ya majimaji.

Wengi hudhani mwamba ndio wa kuogopwa. Sivyo. Wimbi likitoka mwambani na kuingia katika udongo laini hupunguza mwendo, nguvu zake zikasongamana na mtikisiko ukakua. Jijini Mexico City, Septemba 1985, kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, ila majengo yaliyosimama juu ya tope la ziwa la kale yaliporomoka.

Mawimbi hufichua pia yasiyoonekana. Katika mradi wa kimataifa wa KRISP, wataalamu walilipua baruti na kupima mawimbi yake kupitia vilima vya Chyulu, kusini mwa Kilungu. Waligundua kuwa gamba la dunia hapo lina unene wa kilomita 44 hivi. Mawimbi ya matetemeko ya mbali nayo yalionekana kukawia chini ya volkano hizo, dalili ya mwamba wenye joto jingi.

Hata Kilungu kwenyewe, mwamba hauko wazi kila mahali. Msingi unaoishia katika udongo wa mteremkoni haupati utulivu wa mwamba ulio mita chache chini yake.