IMANI YA WATU WA 1972

Ndugu wakazi na watumishi wa mashirika, katika kumbukumbu hii tuwaangalie waliotutangulia.

Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania. Walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakakuta pori lenye mbung'o. Hakuna aliyewaambia watakaa miaka mingapi. Walifyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakajenga shule. Kufikia mwaka 1985 walikuwa wakijilisha wenyewe.

Tumaini la kurudi halikufa. Juni 1993 Burundi ilimchagua Rais Melchior Ndadaye; Oktoba akauawa, na wakimbizi wapya wakavuka mpaka.

Mwaka 2007 watu wa 1972 waliulizwa: kurudi au kuomba uraia? Wengi walichagua kubaki. Mwaka 2010 uraia ulikubaliwa kwa watu wapatao 162,000, lakini wakaambiwa kwanza watahamishiwa mikoa mingine. Vyeti vikasubiriwa. Mwishowe mpango wa kuwahamisha uliachwa, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa.

Ndugu zangu, waliofyeka pori mwaka 1972 hawakujua kwamba wajukuu wao wangekuwa Watanzania. Wengine walirudi Burundi, wakakuta mashamba yao yana watu. Wengine walikufa wakingoja. Basi imani yao haikuwa kuijua kesho. Ilikuwa kupanda leo, kumpeleka mtoto shule leo, na kutomwacha jirani. Hayo hata sisi tunayaweza.