Unga Mweusi Usiokubali Kalibu

Wanaosimulia historia ya plastiki zinazopitisha umeme hupenda kuanza na Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2000, waliyopewa Shirakawa, MacDiarmid na Heeger kwa kazi yao ya 1977 juu ya poliasetilini. Mimi, niliyefundisha kemia kidato cha tano na cha sita hadi nikastaafu, sina ugomvi na tuzo hiyo. Ila Donald Weiss na wenzake huko Australia walikuwa wamekwisha kuandika habari za polipiroli inayopitisha umeme mwaka 1963, na watu wakapita kando tu. Kilichobaki bila jibu, hata baada ya 1977, ni swali la fundi: kitu hiki kikishapitisha umeme, utakifinyanga vipi?

Maana polipiroli inatoka kwenye chupa ikiwa unga mweusi mkaidi. Plastiki ya ndoo ukiipasha moto hulainika na kufuata kalibu. Polipiroli huharibika kabla ya kulainika. Na kiyeyushi cha kuifanya iwe uji wa kupaka, hakuna.

Dawa ikawa kuipakia juu ya kitu kingine. Lateksi ni vipunje vidogo sana vya polima vilivyotawanyika majini; imo ndani ya rangi za maji tunazopaka ukutani. Mwaka 1987 Yassar, Roncali na Garnier, watafiti wa Ufaransa, waliripoti lateksi ya polistirini iliyovikwa polipiroli. Kampuni ya DSM ya Uholanzi nayo ikaifuata njia hiyo kwa lateksi ya poliurethani. Lakini kazi ninayoipenda mimi ni ya Lascelles na Armes, Chuo Kikuu cha Sussex, katikati ya miaka ya 1990, kwa sababu waliifanya bila papara.

Walitengeneza vipunje vya polistirini vyenye upana wa karibu mikromita 2, vikiwa na polima nyingine juu yake ya kuvizuia visigandamane. Wakaviweka majini pamoja na kloridi ya feri, kisha wakatia piroli kidogo na kuacha vikorogwe. Feri huoksidisha piroli, piroli zinaungana, na polima inayozaliwa inatua juu ya vipunje. Lateksi nyeupe inageuka nyeusi tititi. Ganda lenyewe lina unene wa nanomita chache hadi makumi kadhaa tu, na polipiroli ikiwa chini ya asilimia 10 ya uzito wote, unga ulioshindiliwa unapitisha umeme karibu sawa na polipiroli tupu. Je, ni ganda kweli au madoa tu? Waliiyeyusha polistirini ya ndani, wakatazama mabaki kwa hadubini ya elektroni: maganda matupu, yamebonyea na kupasuka kama ya mayai.

Mteja aliyekuja kubisha hodi, sidhani kama mkemia yeyote alimtarajia. Mwaka 1986 vyombo vya angani vya Giotto na Vega vilipita karibu na nyotamkia ya Halley, vikakuta vumbi lenye kaboni, hidrojeni, oksijeni na nitrojeni kwa wingi. Wanafizikia wa Canterbury na Heidelberg walikuwa na mitambo ya Van de Graaff ya volti milioni 2 ya kurusha chembe kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, ili kupimia vyombo vya kunasa vumbi la angani. Lakini chembe haiwezi kurushwa isiposhika chaji, kwa hiyo walizoea kurusha chuma. Polistirini tupu haipitishi umeme, na chuma si vumbi la Halley.

Ganda jeusi lilimaliza tatizo hilo. Mwaka 1999 Burchell wa Chuo Kikuu cha Kent, pamoja na Armes na wengine, walichapisha matokeo ya kurusha lateksi iliyovikwa. Baadaye chembe za aina hiyo zilipigwa kwenye nakala ya maabara ya kipima vumbi cha Cassini, chombo kilichoondoka duniani mwaka 1997 kuelekea Zohali.

Mwaka 2018 Postberg na wenzake walitangaza kuwa kipima vumbi hicho kilikuta molekuli kubwa za kaboni katika chembe za barafu kutoka Enceladus, mwezi wa Zohali. Miongoni mwa vipande vya molekuli hizo walitambua pete za benzini, pete zilezile zinazoning'inia katika kila mnyororo wa polistirini.