Bosi wa Ekari Moja

Kila mwisho wa mwezi natuma pesa Nyamira kwa M-Pesa, za kumlipa mama anayetuchumia majani chai. Shilingi 10 kwa kilo. Nani alipanga bei hiyo? Hakuna. Majirani walikuwa wanalipa hivyo, nasi tukafuata. Sikuwahi kuiwazia hadi juzi nilipopekua sanduku la marehemu babu, nikakuta karatasi ya mshahara wake wa Kericho. Kati ya makato mlikuwa na mstari mmoja: ada ya chama cha wafanyakazi.

Kabla Gusii haijajaa chai, watu wetu waliifuata ng'ambo. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza miaka ya 1920, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, na wakati huo Mwafrika alikuwa haruhusiwi kupanda chai yake. Ukitaka pesa ya kodi, unavuka ukamchumie Mzungu. Mabwana shamba nao walijipanga mapema: chama chao cha wakuzaji chai kilianza 1931. Wafanyakazi walisubiri sana. Makhan Singh, aliyejaribu kuunganisha wafanyakazi wa Kenya bila kujali rangi, alikamatwa 1950 na kuzuiliwa hadi 1961. Ilipofika 1963 ndipo vyama vya mashambani vilipoungana kuwa KPAWU, chama ambacho babu alikatwa senti zake kukilipia.

Alipata nini? Mkataba. Chama kinakaa mezani na waajiri, wanakubaliana bei ya kilo, nyumba, likizo. Bei haikuwa tamu, lakini ilikuwa imeandikwa, na mnyapara hangeibadilisha akiamka vibaya.

Si kwamba chama kilikuwa ngao ya kila kitu. Baada ya uchaguzi wa 2007, wafanyakazi wengi kutoka kwetu walishambuliwa mle mle mashambani kwa sababu ya kabila. Waathiriwa waliishtaki Unilever huko London, na mwaka 2018 mahakama ya rufani ikakataa kesi yao isikizwe huko. Chama kilijua kudai senti za kilo. Panga hakikuwa na namna ya kulizuia. Kisha zikaja mashine za kuchuma. Chama kiligoma kuzipinga 2010, na Mei 2023 watu wenye hasira wakazichoma moto Kericho.

Huku nyumbani historia ilichukua njia nyingine. Miaka ya 1950 Mwafrika aliruhusiwa kupanda chai, na 1964 ikaanzishwa KTDA. Kisii na Nyamira tukawa wenye shamba: ekari moja, nusu ekari, majani yanapelekwa kituoni, kisha unasubiri bonasi. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mchumaji wa kilimani kwetu hana mkataba ule wa Kericho. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa haki ya kujiunga na chama. Sawa, lakini agome dhidi ya nani? Dhidi ya mamangu, ambaye naye analalamika kwamba bonasi ni kidogo?

Hapo ndipo karatasi ya babu iliponibana. Miaka yote nimejiona mjukuu wa mchumaji. Kumbe mimi ndiye bosi, tena bosi asiye na mtu wa kukaa naye mezani. Tumezoea kulaumu kampuni, na zina lao, ila bei ya kilo kwetu hatukupangiwa na kampuni.

Nilimpigia mama nikamwambia tuongeze. Akacheka. "Na bonasi ikishuka, utalipa na nini?" Swali halali. Tukabishana karibu nusu saa, shilingi 12, shilingi 15, mbolea, karo ya mdogo wangu. Baada ya kukata simu ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa wawili tu kwenye mazungumzo yale, na hakuna kati yetu aliyekuwa na kikapu mgongoni.

Jumamosi naenda nyumbani. Nitaanza kwa kumuuliza yeye.