Mwitongo: Tarehe ya Uwanja wa Burito

Kutoka Musoma mjini unapita Makutano Juu, barabara kuu ya Mwanza na Sirari inakopita, kisha unashika njia ya Butiama. Wageni wengi hufika Mwitongo kwa ajili ya kaburi la Mwalimu Julius Nyerere tu. Wakishaweka shada la maua na kupiga picha, wanageuza gari. Wanakosa mengi, maana mahali hapa palikuwa pa watu wote kabla Mwalimu hajazaliwa, na tarehe ya hapa inaanza na baba yake.

Zamani Wazanaki hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwaamuru. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa marika, na waliogopwa zaidi waganga wa mvua. Utemi tunaoukumbuka ulipata nguvu kwa Wajerumani, waliotaka mtu wa kumdai kodi na vibarua. Mwaka 1915 kiti kikamwangukia baba huyo, Nyerere Burito, aliyekwisha kupita miaka 50. Waingereza walipoichukua nchi wakamwacha hapo hapo, na boma lake la Mwitongo, katikati ya majabali ambako pimbi wanaota jua hadi leo, likawa ndilo baraza. Alikuwa na wake 22. Wa tano, Mugaya wa Nyang'ombe, alijifungua tarehe 13 Aprili 1922, mvua ikinyesha, na mtoto, ndiye Mwalimu, akapewa jina la mzimu wa mvua: Kambarage.

Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, upande ambao leo ni wa Bunda, alikuwa akija kumtembelea Burito, na wazee wakicheza soro, yaani bao la kwao. Husimuliwa kwamba Kambarage, akiwa bado kijana mdogo, aliketi kucheza na mgeni huyo akamtoa jasho. Anayejua bao anaelewa uzito wa habari hii. Mkono unasambaza kete shimo kwa shimo, lakini kazi yenyewe iko kichwani: lazima ujue kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hujaokota ya kwanza. Makongoro akamshauri mwenzake ampeleke mtoto shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage akaingia Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Yaliyofuata kila mtu anayajua.

Burito alifariki mwaka 1942 na mwanawe Wanzagi akashika kiti. Kisha mwaka 1963 serikali iliyoongozwa na Mwalimu, mdogo wa Wanzagi, ikaufuta utemi nchi nzima. Kwangu mimi, hakuna jambo linaloueleza ukoo huu kuliko hilo. Aliyekifuta kiti alikuwa mtoto wa mwenye kiti, na nyumbani kwao hakukuachwa nje ya sheria.

Mwaka huohuo wa 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu ya Julius Caesar wa Shakespeare, tamthilia ambayo moyo wake ni uwanja wa Roma, Antoni akiuhutubia umati mbele ya maiti ya mtawala. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Watu husafiri hadi Italia kuviona viwanja vile, lakini wasomaji wengi wa Kiswahili waliingizwa humo na mtu wa Butiama. Sishangai kwamba aliyekulia barazani, akiwasikia wakubwa wakishindana kwa maneno, alivutwa na vitabu hivyo.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi hapa kulima na kucheza bao na majirani. Nyumba kubwa aliyojengewa na jeshi baada ya Vita vya Kagera aliikaa muda mfupi mno. Makumbusho yalifunguliwa Julai 1999, yeye akiwa hai. Oktoba 14 akafariki London, na tarehe 23 akazikwa Mwitongo, jirani na wazazi wake. Walimu wanaoleta wanafunzi nawasihi waanzie kwenye makaburi ya wazazi hao, kisha ndipo waende kwa mtoto.

Butiama haikuacha kuwa mahali pa mashauri. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana hapa kujadili mwafaka na CUF, na wajumbe wakataka suala la kugawana madaraka Zanzibar liamuliwe na wananchi wenyewe. Kura hiyo ya maoni ilipigwa Zanzibar tarehe 31 Julai 2010.