Watoto wa Kokwet

Msomaji, ukitoka mji wa Nakuru kwenda magharibi, ukapita Njoro na Molo, ukavuka milima ya Mau, utaingia katika nchi ya Wakipsigis. Katika lugha yao kokwet ni ujirani, yaani watu wa mahali pamoja wenye kushauriana na kusaidiana. Jina hilo la nyumbani limepata kujulikana katika vyuo vikuu vya dunia, na habari yake yafaa kusimuliwa, maana inatufundisha namna ya kupima sifa ya mwanachuoni.

Mwanachuoni aandikapo makala huonyesha maandishi ya wenzake aliyoyategemea. Kule kuonyesha ndiko kutajwa. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kuchapisha faharasa ya kueleza nani amemtaja nani katika sayansi. Mwaka 2005 Jorge Hirsch alileta kipimo kingine: mtu mwenye makala 20, ambazo kila moja imetajwa walau mara 20, kipimo chake ni 20. Tangu hapo wataalamu wengi hupandishwa vyeo au hunyimwa kwa hesabu hizo.

Lakini je, kutajwa ni sawa na kusema kweli? Wahenga walinena, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake, ila katika elimu yataka hadhari.

Mwaka 1957, Marcelle Geber na R. F. A. Dean, waliofanya kazi Kampala, Uganda, waliandika kwamba watoto wachanga wa huko waliwatangulia wa Ulaya katika maendeleo ya mwili, na kwamba tofauti hiyo ilionekana tangu siku za kuzaliwa. Neno hilo likatajwa huku na huku. Wako waliolifanya hoja ya kwamba Mwafrika ameumbwa mbali na watu wengine. Mwaka 1972 Neil Warren alizipitia hoja hizo, akaonyesha kwamba ushahidi wake haukutosha.

Wakati huo huo Charles Super, mtaalamu wa saikolojia, na mkewe Sara Harkness, mtaalamu wa mila za watu, walifika katika nchi ya Wakipsigis. Walikaa katika ujirani huo kwa muda wa miaka kama mitatu, wakiwatazama watoto na kuwasikiliza mama zao. Makala ya Super ilitoka mwaka 1976. Alikuta kwamba watoto wa Kokwet walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kadiri ya mwezi mmoja. Sababu nayo ilikuwa wazi. Mama walichimba kishimo kidogo, wakamkalisha mtoto ndani yake ili mgongo upate egemeo. Na wakati wa kutembea ulipowadia, walimshika wakamwongoza hatua kwa hatua. Kutambaa hawakukufundisha, na katika kutambaa watoto hao hawakuwatangulia wenzao. Basi kilichodhaniwa kuwa maumbile kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya mwalimu; na mwalimu huyo alikuwa mama.

Wakipsigis wana neno ng'om, maana yake mwenye akili. Wazazi wa Kokwet walipambanua akili za nyumbani na akili za shuleni. Mtoto mwenye akili za nyumbani huona kazi inayotakiwa, akaifanya bila ya kutumwa. Kutokana na mambo kama hayo, mwaka 1986 Super na Harkness walitoa makala iliyosema kwamba mtoto hukua katikati ya vitu vitatu: mahali anapoishi na watu walio naye, desturi za kumlea, na mawazo ya walezi wake. Makala hiyo imetajwa maelfu ya mara, na walimu, madaktari na wataalamu wa malezi wa nchi nyingi huitumia.

Tazama sasa, msomaji. Makala ya Kampala ilitajwa, na ya Kokwet ilitajwa. Mwenye kuhesabu tu hataona tofauti kati yake, kwa kuwa hesabu hueleza jinsi neno lilivyosikika, wala haielezi kama ni kweli. Tofauti iliyopo ni kwamba wa pili waliingia nyumbani, wakauliza jinsi mtoto alivyofundishwa. Tena, katika hesabu hizo hayumo hata mama mmoja wa Kokwet, ingawa elimu iliyotajwa ilitoka mikononi mwao.

Leo Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, na huenda baadhi yenu mtasoma huko. Mkiambiwa kwamba jambo fulani limeandikwa na wengi, liheshimuni, kisha mwulize: ni nani aliyekwenda kulitazama, na alimsikiliza nani? Hapo ndipo kazi ya mwanachuoni inapoanza.